Nguvu za maji na lugha ya mtoto

Wahenga walinena kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwakumbusha wakubwa kwamba jambo dogo kwao laweza kuwa zito kwa mnyonge. Leo ningependa kuitumia kwa maana iliyo karibu zaidi na maneno yake yenyewe. Lita moja ya maji, gunzi la hindi na vipande sita vya plastiki vyatosha kumwonyesha mtoto jambo lile lile linalotendeka katika bwawa la Masinga. Iwapo mtoto huyo ataelewa au hataelewa anachokiona, hilo litategemea sana lugha tutakayomzungumzia wakati mikono yake ingali imeloa maji.

Mimi si mwanafizikia. Kazi yangu ni isimu, na huenda baadhi ya walimu wa sayansi wakauliza nimefuata nini katika uwanja wao. Nimefuata lugha. Katika shule zetu za msingi, sayansi na lugha hukutana mahali pamoja, na hukutana vibaya.

Chini ya Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutumika kote nchini mwaka 2019, mtoto wa Gredi 1 hadi Gredi 3 anatarajiwa kufunzwa kwa lugha inayozungumzwa katika eneo la shule yake. Wazo hili si geni. Kamati ya Gachathi ililipendekeza katika ripoti yake ya mwaka 1976. Kuanzia Gredi 4, lugha ya kufundishia huwa ni Kiingereza. Sasa hebu tuitazame ratiba ya masomo. Ni katika Gredi 4 hiyo hiyo ambapo Sayansi na Teknolojia huanza kuwa somo lenye jina lake na kitabu chake. Kabla ya hapo mtoto alikuwa na Shughuli za Mazingira. Kwa hivyo, mwaka ule ule tunaomtaka mtoto aanze kuuliza kwa nini na vipi, ndio mwaka tunaomwondolea lugha aliyozoea kuulizia. Ni kama kumvua mtu viatu pale pale anapoanza kuupanda mlima.

Matokeo yake yanajulikana na kila mwalimu. Mtoto anaweza kukariri kwa Kiingereza maana ya kawi, neno kwa neno, bila kukosea hata herufi moja. Mwulize basi ni kitu gani hicho alichokisema, naye atakurudishia sentensi ile ile, safari hii kwa sauti ya juu zaidi. Nakutana na watoto hawa tena miaka kumi baadaye, wakiwa wanafunzi wa chuo kikuu. Wamefaulu mitihani mingi, lakini ukiwaomba waeleze kwa maneno yao wenyewe jambo walilolisoma, wanatafuta kitabu. Hawakosi akili. Walizoeshwa mapema mno kwamba elimu ni maneno ya mtu mwingine.

Ndiyo sababu napendekeza tuanze na maji. Jaribio nitakalolieleza halihitaji maabara wala pesa. Laweza kufanywa uani nyumbani, au nyuma ya darasa, mradi mtu mzima awe karibu kwa sababu ya kisu na vitu vyenye ncha.

Chukua gunzi kavu na ukate kipande cha urefu wa vidole vitatu hivi. Kata plastiki ya chupa tupu au ya kopo la siagi uwe na makasia sita madogo, kila moja likiwa na ukubwa wa kidole gumba. Pasua mikato sita kuzunguka gunzi, kwa nafasi zinazolingana, kisha uyachomeke makasia humo. Pitisha kijiti kilichonyooka, au waya mmoja wa gurudumu la baiskeli, katikati ya gunzi ambapo ni laini. Huo ndio mhimili, na sharti ukamate barabara ili gunzi likizunguka nao uzunguke. Simika ardhini vijiti viwili vyenye panda, uuweke mhimili juu ya panda hizo, na tayari unalo gurudumu la maji. Mwishoni mwa mhimili funga uzi, na kwenye uzi ning'iniza kijiwe. Weka beseni chini, maana maji si ya kumwaga ovyo. Yatarudi chupani na kutumika tena.

Chombo cha pili ni chupa ya lita moja. Toboa tundu dogo kwenye kitako chake, uzibe tundu kwa kidole, ujaze maji, na uache mdomo wa chupa wazi. Ishike chupa juu ya gurudumu, kiasi cha sentimita 20 hivi, kisha uondoe kidole. Maji yataangukia makasia, gurudumu litazunguka, uzi utajizinga kwenye mhimili, na kijiwe kitainuka. Paka kasia moja rangi ili mtoto aweze kuhesabu mizunguko. Baadaye irudie kazi hiyo chupa ikiwa sentimita 40 juu. Ulinganishe.

Hilo ndilo jaribio lenyewe. Laweza kumalizika kwa robo saa, lakini kazi ya mwalimu ndiyo kwanza inaanza, na kazi hiyo ni ya lugha.

Jambo la kwanza ambalo mtoto atapaswa kulifanya ni kusema alichokiona. Hapa Kiswahili kina hazina ambayo hatuitumii. Maji yanayotoka tone baada ya tone yanadondoka. Yakitoka kwa uzi mwembamba usiokatika yanachuruzika. Yakienda kwa wingi na kwa utulivu yanatiririka. Yakitoka chini kwa kishindo yanabubujika. Yakianguka kwa wingi kutoka mahali pa juu yanaporomoka, na ndiyo maana tukayaita maporomoko. Walimu wa Kiswahili huwapa wanafunzi vitenzi hivi ili wapambe insha, lakini tazameni kwamba kila kimojawapo kinapima jambo: wingi wa maji, kasi yake, au mahali yanakotoka. Mpe mtoto vitenzi hivi kabla ya jaribio na umtake alijaribu gurudumu kwa kila kimoja. Maji yanayodondoka hayatalizungusha. Pengine yatalitikisa tu. Yanayochuruzika yatalizungusha polepole. Yanayotiririka yatalifanya livume. Mtoto huyo amekwisha kugundua, kwa maneno aliyokuwa nayo tangu zamani, kwamba kiasi cha maji ni sehemu ya jibu. Akiinua chupa na kuona mizunguko ikiongezeka, atagundua kwamba kimo ni sehemu ya pili.

Hazina nyingine imo katika mnyambuliko wa vitenzi. Gurudumu linazunguka, maji yanalizungusha. Kijiwe kinainuka, uzi unakiinua. Taa inawaka, mtambo unaiwasha. Kila mwanafunzi anaijua tofauti hii kutoka kwa somo la sarufi, ingawa pengine hajaambiwa ina faida gani nje ya mtihani. Faida yake ni hii: kila palipo na mtendeshaji, yaani kitu kinachokifanya kitu kingine kitende, mtoto ana haki ya kuuliza kawi imetoka wapi na imekwenda wapi. Nani anazungusha? Maji. Nani aliyapandisha maji hadi kule juu? Mkono wangu. Nani aliupa mkono nguvu? Uji wa asubuhi. Mtoto akifuata kamba hiyo ya maswali hatua kwa hatua, hatakosa kufika kwenye jua, ambalo liliustawisha mtama uliotoa uji. Lugha yetu imeyapanga maneno kwa namna inayomwelekeza huko, iwapo sisi hatutamkatiza.

Sasa tuingie kwenye ugumu, maana si haki kuusifu mlango bila kutaja kizingiti. Kiswahili cha kila siku kina neno moja, nguvu, na tunalitwisha mizigo mingi. Maji yana nguvu, fahali ana nguvu, dawa ina nguvu, sheria ina nguvu. Katika jaribio letu yamo mambo matatu tofauti, na yote matatu mtoto atayaita nguvu. La kwanza ni ule msukumo ambao maji yanaupa kasia. Huo wanasayansi wa Kiswahili wanauita kani. La pili ni ule uwezo wa kufanya kazi ambao maji yanao kwa kuwa yako juu na ambao yanautoa yanapoanguka; huu magazeti na ofisi zetu hapa Kenya huuita kawi, na wenzetu wa Tanzania huuita nishati. La tatu ni kiasi cha kawi kinachotolewa kwa kila sekunde, ambacho hupimwa kwa wati, kama ilivyoandikwa kwenye taa za umeme.

Tofauti hizi mtoto anaweza kuziona kwa macho. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ikianguka kwa sentimita 40 inatoa kawi ya takriban jouli 4. Iache lita hiyo itoke kwa tundu dogo kwa muda wa sekunde 40, na kila sekunde umepata sehemu moja ya kumi ya jouli, yaani wati 0.1. Panua tundu ili maji yote yatoke kwa sekunde 5, na umepata wati 0.8. Kawi ni ile ile, jouli 4. Kilichobadilika ni wepesi wa kuitoa. Mtoto aliyekwisha kuhesabu sekunde hizo kwa mdomo wake mwenyewe hatahitaji kukaririshwa kwamba kawi si sawa na wati. Isitoshe, atauliza swali jingine: ikiwa tuliweka jouli 4, tulipata ngapi? Tuseme kijiwe kina gramu 50 na kiliinuka sentimita 30. Hiyo ni jouli 0.15 tu, haifiki hata sehemu moja ya ishirini. Nyingine ilikwenda wapi? Ilikwenda katika maji yaliyorukia kando bila kuligusa kasia, katika mlio, katika kusuguana kwa mhimili na panda, na mwishowe katika joto dogo lisilohisika kwa kidole.

Jouli yenyewe imepewa jina la mtu, James Prescott Joule, Mwingereza ambaye katika miaka ya 1840 alifanya jaribio lililo kinyume kabisa cha letu. Badala ya maji kuzungusha makasia na kuinua uzito, yeye aliacha uzito ushuke, uzungushe makasia ndani ya maji, kisha akapima ni kiasi gani maji yameongezeka joto. Hakuwa mhadhiri wa chuo kikuu. Alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda cha bia, na mengi ya majaribio yake aliyafanya nyumbani. Nalitaja hili kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba sayansi ya kweli sharti ianzie katika jengo lenye bango mlangoni.

Hapana budi pia niseme neno juu ya wale wanaocheka istilahi zetu na kusema kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi, au kwamba kilichonayo ni ya kuombaomba. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Watoto wa Tanzania wamekuwa wakisoma masomo ya shule ya msingi kwa Kiswahili tangu mwaka 1967. Ama kuhusu kukopa, neno ambalo Waingereza hulitumia kwa kawi walilipokea kutoka kwa Wagiriki, na lilianza kupewa maana yake ya kifizikia mwanzoni mwa karne ya 19. Kabla ya hapo wao pia waliyachanganya maneno haya kama tunavyochanganya nguvu. Hakuna lugha iliyozaliwa na istilahi. Watu walikaa, wakakubaliana neno lipi libebe maana ipi, wakalitumia mpaka likazoeleka. Na kama tuna kawi huku na nishati ng'ambo ya Namanga, hilo lisitutie wasiwasi, maadamu mwalimu anayafahamu yote mawili na anamweleza mwanafunzi kwamba ni kitu kimoja.

Nitatoa mfano mmoja wa yanayoweza kutokea mtoto anaporuhusiwa kusema. Nililifanya jaribio hili pamoja na watoto wa jirani zangu. Mmoja wao, msichana wa miaka tisa, aliyaangalia maji yaliyokuwa yakitoka chini ya gurudumu, akayaangalia yale yaliyokuwa yakiingia juu, kisha akasema: "Haya ya chini yamechoka." Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Maji yaliyoingia yalikuwa na kasi. Yaliyotoka yalikuwa yamepunguza kasi, kwa sababu sehemu ya kawi yao waliyokuja nayo yalikuwa yameiachia gurudumu. Neno lake halikuwa istilahi, lakini dhana ilikuwa timamu. Mwalimu makini angelipokea neno hilo, amwulize uchovu huo umetokana na nini na umekwenda kwa nani, na baada ya mazungumzo ya dakika tano ndipo angemwambia: jambo hilo ulilolieleza, wanasayansi huliita kuhamishwa kwa kawi. Sasa jina limempata mwenyewe. Tulizoea kufanya kinyume, tukitoa jina kwanza na kumwacha mtoto alitafutie kitu, na mara nyingi hakipati.

Msichana huyo huyo akauliza swali lililonifurahisha zaidi: "Yakichoka, yanapumzika wapi ndipo yafanye kazi tena?" Jibu la swali hilo ni historia ya mto Tana.

Maji ya Tana hutoka katika Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Yakishuka kuelekea mashariki, hukutana na mabwawa matano yaliyofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. La kwanza kujengwa lilikuwa Kindaruma, lililoanza kutoa umeme mwaka 1968. Kamburu likafuata mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Gitaru, lenye uwezo wa megawati 225, ndilo kubwa zaidi kati ya vituo vya umeme wa maji nchini. Lakini jambo la kumshangaza mtoto si ukubwa huo. Ni kwamba maji yale yale huzungusha mitambo mitano, moja baada ya nyingine. Yakitoka Masinga hayajaisha. Yamepoteza tu kimo cha hapo. Bado yako juu kuliko Kamburu, na yakiporomoka tena yatafanya kazi tena. Mtoto anaweza kulionyesha hili kwa kutengeneza gurudumu la pili na kuliweka chini ya la kwanza. Maji hayaliwi na mtambo. Kinachotumika ni kule kushuka kwao.

Na yakifika baharini pale Kipini, yakawa hayana pa kushuka tena, nani atayainua? Ni jua, ambalo huyageuza kuwa mvuke, mvuke ukapanda, ukawa mawingu, na upepo ukayapeleka mawingu bara yanyeshe milimani. Katika jaribio letu ni mkono wa mtoto unaoyarudisha maji chupani. Katika nchi ni jua. Hapo ndipo mtoto ataelewa, bila kutishwa, kwa nini ukame huzima taa. Mwaka wa 2000, mvua zilipokuwa zimekosekana na mabwawa kupungua maji, nchi nzima ilipewa umeme kwa mgao. Wengi wa wazazi wa wanafunzi wa leo wanaikumbuka mishumaa ya mwaka huo. Mwanafunzi aliyeshika chupa ile na kuona mkondo wa maji ukilegea kadiri chupa inavyopungua, anayo maelezo ya jambo hilo mkononi mwake.

Yupo atakayesema kwamba nguvu za maji ni hadithi ya jana, kwani leo mvuke wa ardhini wa Olkaria ndio unaotoa sehemu kubwa zaidi ya umeme wetu, na kule Loiyangalani upepo umekuwa ukituzungushia mitambo tangu mwaka 2018. Ni kweli. Lakini mvuke nao huzungusha gurudumu lenye mapanga, na upepo vivyo hivyo. Aliyelielewa gurudumu la gunzi ameelewa sehemu kubwa ya safari ya umeme kabla haujafika kwenye waya.

Turudi kwenye pingamizi nzito zaidi, ile ninayoisikia kila mara kutoka kwa walimu na wazazi. Mtihani wa kitaifa wa sayansi mtoto atauandika kwa Kiingereza. Mbona tumpotezee muda kwa Kiswahili? Siichezei hoja hii. Mzazi anayeuza mboga ili alipe karo ana haki ya kutaka mtoto wake afaulu. Lakini tujiulize ni kipi kigumu kujifunza, jina au jambo lenyewe. Mtoto anayejua kwamba maji yaliyo juu yana kawi kwa sababu ya kimo chake, atalipata jina la Kiingereza kwa dakika moja, na hatalisahau, kwa kuwa ana mahali pa kulitundika. Aliyeanza na jina bila jambo atalisahau wiki moja baada ya mtihani. Kujenga maana kwa lugha inayoeleweka si kuchepuka kutoka kwa njia ya mtihani. Sisemi Kiingereza kifukuzwe darasani. Nasema kisitangulie kuelewa.

Pingamizi la pili ni la haki vilevile: kwa mamilioni ya watoto wetu Kiswahili chenyewe si lugha ya kwanza. Mtoto wa Kitui, wa Bomet au wa Siaya ana lugha ya mama, na huenda kitenzi chake cha kuchuruzika ni kizuri kuliko changu. Na atumie hicho. Jambo ninalolitetea ni utaratibu: aone, aseme kwa lugha iliyo tayari kinywani mwake, kisha Kiswahili kiwaunganishe watoto wa darasa moja wenye lugha mbalimbali, kisha istilahi za Kiswahili na za Kiingereza zije pamoja. Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 ni lugha rasmi pia, sawa na Kiingereza. Lugha iliyo rasmi bungeni na mahakamani haiwezi kuwa haramu mbele ya beseni la maji.

Je, tufanye nini kabla sera haijabadilika? Sera hubadilika polepole, na mtoto wa Gredi 4 hangoji. Lipo jambo ambalo walimu wawili wa shule moja wanaweza kulifanya wiki ijayo bila kumwomba mtu ruhusa. Mwalimu wa sayansi na mwalimu wa Kiswahili wakae pamoja. Wa kwanza aongoze jaribio; wa pili alichukue jaribio hilo hilo liwe zoezi la insha. Insha ya maelezo hailazimiki kila mara kuwa juu ya siku ya harusi au safari ya mjini. Mwanafunzi aandike: nilitumia vifaa gani, nilifanya nini, niliona nini, nadhani ni kwa nini. Hapo atatumia vitenzi vya maji, kauli ya kutendesha, viunganishi vya sababu na matokeo, na vipimo. Mwalimu wa Kiswahili atapata insha zenye jambo ndani yake. Mwalimu wa sayansi, akizisoma, atajua ni nani ameelewa na ni nani alikuwa akiitikia tu. Kipindi kinachofuata cha sayansi, maelezo yale yale yasemwe kwa Kiingereza, na tofauti itaonekana.

Kwa waandishi na wachapishaji wa vitabu vya sayansi, ombi langu ni dogo. Mwishoni mwa kila kitabu cha Gredi 4 hadi 6 wekeni kurasa mbili za istilahi za Kiswahili, kila moja ikiwa na maelezo mepesi. Watafsiri na wanaisimu wapo. Wengine wetu tunangoja tu kuitwa.

Kwenu wanafunzi, msingoje mwalimu. Gunzi halikosekani jikoni, wala chupa tupu. Lijengeni gurudumu, mhesabu mizunguko, na mwandike katika daftari kwa maneno yenu wenyewe. Likikataa kuzunguka, msilitupe; tafuteni ni kasia lipi limepinda, au ni wapi mhimili umekwama, na sababu hiyo nayo muiandike. Mkiona jambo ambalo hamna jina lake, lielezeni kama lilivyo, hata kama wenzenu watacheka. Istilahi mtapewa. Jambo ambalo hakuna awezaye kuwapa ni kule kuona wenyewe, na kuwa na maneno ya kusema mlichokiona.